Achari ya matango yenye shibiti: mgonjwa wa presha aendelee nayo?

Wakuu, habari za muda huu. Mama yangu ana presha, na siku hizi hali chakula bila achari ya matango, yale madogo yanayolowekwa na shibiti (majani ya kiungo yenye harufu, "dill" kwa Kiingereza) na kitunguu saumu. Anasema ni mboga tu. Mimi chumvi yake inanitia wasiwasi. Nimzuie kabisa? Na maji yanayobaki kwenye chupa yana kazi jikoni?

Tabibu_Lishe: Pole mkuu. Tango lenyewe halina ubaya: gramu 100 hazifiki kalori 20, na vitamini K kidogo imo. Kesi iko kwenye sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Gramu hizo 100 mara nyingi zina miligramu 800 hadi 1,200, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya 2,000 kwa siku nzima. Matango mawili ya wastani tayari ni kama nusu. Soma lebo, na daktari wake ajue anakula kiasi gani.

MamaJiko: Usimnyime, badilisha matumizi. Mkatie vipande vidogo kabisa, changanya kwenye viazi vya kuchemsha au mayai, halafu chumvi nyingine usitie. Ule ukali unatosha. Ukichanganya na mayonezi na limau unapata sosi nzuri sana ya samaki wa kukaanga. Maji usimwage: loweka kuku saa chache kabla ya kuoka, nyama inalainika na ladha inaingia. Ila ndiyo yaliyobeba chumvi, mama asiyanywe.

Mzee wa Chupa: Kuna wanaosifia bakteria wazuri wa tumboni. Hao wako kwenye achari iliyochachushwa kwa maji ya chumvi bila kupikwa. Ya siki iliyopashwa moto haina bakteria hai.

Mleta mada: Asanteni sana. Ya mama ni ya siki. Nikimtengenezea nyumbani naweza kupunguza chumvi?

Mzee wa Chupa: Ya siki ya kuweka kwenye friji, ndiyo, chumvi punguza lakini siki usiguse. Ya kuchachusha usijaribu, chumvi ndiyo inayozuia bakteria wabaya. Na kata ncha ya tango upande wa ua, pale pana vimeng'enya vinavyolilegeza.

MamaJiko: Shibiti weka nyingi, hata mbegu zake. Chumvi ikipungua, harufu ndiyo inayobeba achari.