Tozo ya mizuka mnakata kila mwezi, mzuka mwenyewe mmeniachia mimi

Wakuu, leo imenifika hapa. Saa nane usiku nimekaa barazani na simu, chumbani hakulaliki, wanangu nimewapeleka kwa jirani. Kama humu kuna mtu anafanya kazi ofisi ya mizuka, au ana shemeji yake huko, naomba amfikishie uzi huu, tena asiupunguze makali.

Nimepanga Tanga mjini, nyumba ya zamani upande wa kwenda Ras Kasone. Mwenye nyumba alipokea kodi ya miezi sita, akahesabu noti mara mbili, hakusema neno. Tukahamia. Usiku kwanza unaanza mvumo, mzito, unapita juu ya dari. Halafu buti. Mtu anatoka mbio sebuleni kuelekea uani, anajichapa makofi shingoni na masikioni, pa! pa! pa!, huku anapiga kelele kwa lugha ya kwao. Anavaa ndoo zangu za maji, maji yote chini. Kimya. Ukishapiga deki, ukijifunika shuka tu, anaanza upya.

Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa huyo ni nani. Novemba 1914 Mwingereza alishusha hapo jeshi lake kutoka India, watu wapata 8,000, waje kuuchukua mji uliokuwa unalindwa na askari wa Mjerumani kama 1,000 hivi. Kamanda wa Mjerumani, Von Lettow-Vorbeck, akawatandika, na nyuki nao wakaingia vitani. Walionusurika walirudi melini mikono mitupu, wakaacha bunduki na risasi laki sita. Huyu wangu hakufika melini. Yeye bado anapigana na nyuki.

Sina ugomvi naye, maskini. Ugomvi wangu ni na serikali.

Kwa vijana ambao hamjui tulifikaje hapa: Mwingereza alipotunga ile sheria ya uchawi ya 1928 hakuishia kumbana mganga. Akachomeka kifungu kwamba kila mzuka ndani ya mipaka ya Tanganyika ni wa serikali, na anayemgusa bila kibali ameingilia mali ya umma. Kazi ya kuwakamata akawapa zimamoto. Zimamoto! Watu ambao enzi hizo, Dar, Nairobi mpaka Kampala, raia alikuwa akiliona gari lao anatimua mbio, maana waliaminika wananyonya damu. Nani angekwenda kwa hiari yake kuripoti mzuka kwa hao? Tukapata uhuru, bendera ikabadilishwa, kifungu kikabaki kama kilivyo. Sasa kimeongezewa na tozo. Kila mwezi nikinunua umeme wa LUKU wanajikatia kwanza, ndipo nipewe uniti.

Basi nikasema kama nalipa, nihudumiwe. Nikachukua barua ya serikali ya mtaa (muhuri nao una bei yake, mnajua), kopi ya kitambulisho, picha ndogo mbili. Nikapewa fomu. Wakuu, fomu inauliza jina kamili la mzuka, tarehe ya kufariki, kazi, dini na URAIA. Nikajaza nilichokijua: kazi askari, amefariki Novemba 1914, mengine nikaacha wazi. Kijana wa dirishani akaisoma, akanyanyua macho.

"Dada, huyu wako ni wa nje."

Wa nje kivipi, nikamwambia, yuko sebuleni kwangu.

Akanielewesha kwa upole ule wa mtu ambaye mshahara wake unaingia ulale usilale. Kwamba mwaka 1914 nchi hii ilikuwa ya Mjerumani, kwa hiyo aliyefia hapa kafia mikononi mwa Mjerumani. Lakini aliletwa na Mwingereza, kwa hiyo mwajiri wake ni Mwingereza. Lakini ni mtu wa India, kwa hiyo ubalozi wa India lazima utoe barua ya kumtambua. Faili liende Dodoma, litoke Dodoma liende mambo ya nje, wakati huohuo uhamiaji watoe maelezo kwa nini mtu kakaa nchini bila kibali tangu 1914. Nikadhani ananitania. Hakutabasamu.

Akatokea mkubwa wake nyuma, mzee wa miwani, akazidisha. Kwamba kwenye lile jeshi mlikuwamo na vikosi vya Kashmir, na kama mzuka wangu ni wa Kashmir, basi kumtambua ni suala nyeti, maana India inadai pale na Pakistan inadai pale. "Hapo itabidi uwe na subira, mama."

Yaani mimi, mwenye genge la nyanya na vitunguu, nisubiri India na Pakistan wamalize mambo ya Kashmir ndipo nilale!

Walikuja kukagua, sikatai. Saa nne asubuhi, jua kali, Land Cruiser nyeupe, maofisa wawili, dereva na mpiga picha. Mzuka wa usiku mnamfuata saa nne asubuhi? Mashine yao ya kupimia haikuwa na chaji, wakaomba ekstensheni, wakachomeka kwangu. LUKU yangu hiyohiyo iliyokatwa tozo. Wakanywa chai, wakapiga picha wamesimama kando ya ndoo zangu, wakabandika karatasi mlangoni: MZUKA HUYU AMESAJILIWA, HARUHUSIWI KUGUSWA. Wakaondoka. Tangu hapo ukipiga simu gari halina mafuta, au mfumo uko chini, au bosi yuko semina.

Sasa sikilizeni hili ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Mtaani kwetu kuna mwalimu wa madrasa, mzee wa watu, hana makuu. Alisikia watoto hawalali, akaja mwenyewe baada ya isha na chetezo chake na ubani. Akafukiza, akasoma, akaongea na yule bwana taratibu kama anavyoongea na wanafunzi wake. Hakuomba hata mia. Wakuu, wiki nzima tulilala. Ndoo zilikuwa zinaamka zimejaa.

Mtu akapeleka maneno ofisini. Siku ileile gari likapata mafuta! Walifika kabla adhuhuri haijaadhiniwa, mzee akapigwa faini kwa kushughulikia mzuka wa serikali bila leseni, na chetezo chake wakakichukua eti kielelezo. Kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni na namba juu, kiko kabatini kwao, nimekiona kwa macho yangu. Usiku uleule buti zikarudi.

Kwa hiyo kazi hamuiwezi, na anayeiweza mnamfunga mikono. Hiyo ndiyo huduma ninayoilipia.

Na msije kuniambia ni bahati mbaya ya ofisi moja. Mwaka 1995 popobawa, lile jinamizi la kuvamia watu usiku, alipoitikisa Pemba mpaka Unguja, watu wanalala nje makundi makundi wameota moto, Unguja mjini mtu asiye na hatia akauawa kwa kudhaniwa ndiye, huku bara tuna kitengo kizima chenye magari na mishahara. Kilivuka bahari? Hakikuvuka. Jibu likawa mizuka si jambo la Muungano. Orodha ya mambo ya Muungano ilianza na 11 mwaka 1964, sasa ni 22, hata utabiri wa hali ya hewa umo. Popobawa hayumo. Maofisa wetu walibaki Tanga wanaangalia ng'ambo, posho ya kujiandaa wameshasaini.

Ninachotaka ni hiki. Chetezo cha mwalimu kirudi, na faini yake irudi na riba. Ile karatasi mlangoni mje muitoe wenyewe, maana nikiitoa mimi mnanishitaki. Kama mzuka ni wa Dodoma, apelekwe Dodoma akakimbie kwenye korido zenu na mvumo wake, tuone kama mtaomba barua ya ubalozi.

Wa Chumbageni na Ngamiani wenye karatasi kama yangu mlangoni, jitokezeni hapa tuandike barua moja, mmoja mmoja hawatusikii. Na wewe unayetaka kuandika "si uhame tu", tangulia na kodi ya miezi sita, namba ya kutumia nakupa inbox.