MREJESHO: Chanja za dagaa Kibirizi

Wakuu, nilikuja hapa kuuliza kama kuna faida ya kujenga chanja za kuanikia dagaa huku Kibirizi, Kigoma, wakati wengi wanaanika mchangani. Nimejenga.

Tulijenga Ziwa Tanganyika likiwa limefungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, vijana wa mitumbwi wakiwa hawana kazi, kwa hiyo ufundi haukunisumbua. Nguzo ni miti, fremu mbao, kimo cha kiunoni. Upana usizidi pale mkono unapofikia katikati, la sivyo mwanikaji atapanda juu na chanja italala.

Aliyenishauri nitandike wavu wa dagaa juu ya wavu wa waya, Mungu akubariki. Waya unabeba uzito, wavu laini unazuia dagaa kupenya. Manyunyu yakianza, akina mama wanakunja pembe nne na kukimbia na mzigo wote. Mchangani hapo ungekuwa bado unafagia.

Hewa inapita juu na chini, dagaa wanakauka bila mchanga tumboni. Wanunuzi wanatafuna mmoja kwanza, mchanga ukilia kati ya meno bei inashuka. Sasa hawana kisingizio. Kuku tu ndio wamenichukia.

Siku za mbalamwezi hatuvui, chanja zinakaa tupu, basi shemeji anaanikia mihogo.

Sasa mvua zinakaribia. Mwenye paa la nailoni linalohimili upepo wa ziwani anipe vipimo.