Nikifundisha Biolojia kwa Kiswahili naambiwa nawaharibu watoto. Nifanyeje?

Ticha wa Ngaramtoni

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa Biolojia, shule ya kata, pande za Ngaramtoni hapa Arusha. Mwaka wa tatu huu kazini. Nina kidato cha pili mikondo mitatu, na kila mkondo una watoto 70 na ushee.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye osmosisi, ile ya maji kupenya utando wa seli kufuata upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Nikafundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, nikaandika maana ubaoni, wakanakili. Kesho yake nikamwinua binti mmoja wa dawati la mbele. Akaimwaga ile maana neno kwa neno, hata pumzi hakuvuta, darasa likampigia makofi. Nikamwambia haya, sasa niambie kwa maneno yako, maji yanatoka wapi yanakwenda wapi? Kimya. Akainama, akaanza kukwangua dawati kwa kucha.

Nikageuza lugha. Nyumbani mkikata vitunguu vya kachumbari mnavifanyaje? Akasema vinatiwa chumvi, vinaachwa kidogo, halafu vinakamuliwa. Sasa hayo maji mnayokamua nani kayatia? Mikono ikapanda darasa zima. Kuna kijana anakaa nyuma kabisa, tangu mwaka uanze sijawahi kuisikia sauti yake. Akasema: "Ticha, chumvi ya nje ni nyingi kuliko ya ndani, ndiyo maana maji yanaifuata." Nilitaka kumkumbatia.

Kumbe mwalimu wa taaluma alikuwa anapita koridoni. Nikaitwa. Nikaambiwa upimaji wa kidato cha pili unakuja kwa Kiingereza, wathibiti ubora wakinikuta naiponza shule, na nawadekeza watoto. Na kusema kweli nami nina wasiwasi. Walewale walioeleza vizuri kwa Kiswahili, nilipowapa swali lilelile kwa Kiingereza likawe zoezi la nyumbani, wengi waliacha wazi. Mmoja alifungua kamusi kutafuta neno "solution", akaandika kwa penseli pembeni ya swali: suluhisho la chumvi, badala ya myeyusho.

Sasa niendelee kuchanganya au niache? Na nikiendelea, nawavushaje mpaka kwenye karatasi ya mtihani? Wa kuja kutukana wakae pembeni, tafadhali.

Bodaboda Msomi

Ticha, mimi nimevalishwa kibao shingoni shule ya msingi ya kulipia huko Moshi, kila nikikutwa naongea Kiswahili. Nikaamua kuwa bubu. Miaka miwili mwalimu anadhani nina adabu! Kiingereza nilichonacho leo nimekipata kwa kubeba watalii. Kura yangu iko kwa kachumbari.

Mama Watatu

Samahani mwalimu, mimi natofautiana na wewe. Wanangu wawili wako shule ya kata huku Kwa Mrombo. Wenye uwezo watoto wao wanasikia Kiingereza tangu chekechea. Wangu wamesoma Kiswahili miaka saba, nafasi pekee ya kukisikia Kiingereza ni vipindi vyenu, nanyi mnataka kuwaongezea Kiswahili? Hapa mjini kazi za hoteli, za kupeleka wageni Serengeti, ukienda kwenye usaili unaulizwa kwa Kiingereza. Nyie mkishavuka ndipo mnatuambia mto hauna kina.

Mzee wa Chaki

Mama Watatu, uchungu wako naujua, nimesomesha watano.

Ila kijana, ugomvi huu umekuzidi umri. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, ile ya Rais iliyoangalia elimu yetu, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kufikia 1985. Halikufanyika. Mwaka 1984 wakaja Waingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Wakaona katika kidato cha nne ni kama asilimia 10 tu waliofika kiwango ambacho mtu angetegemea wawe nacho ndipo waanze kusomea kwa Kiingereza. Soma hapo vizuri: waanze. Na wale walikuwa wanamaliza! Halafu ripoti ileile ikashauri Kiingereza kiendelee. Sera ya elimu ya 2014 nayo ikasema Kiswahili kitumike ngazi zote, na mtihani ukabaki na lugha yake. Usingoje sera ije ikuokoe. Mimi nimeingoja hadi nimestaafu.

Siri ya ofisi ya walimu ni kwamba sote tulikuwa tunachanganya. Wewe umekutwa mlango ukiwa wazi, basi.

Isimu na Chai

Nimesomea isimu, yaani taaluma ya lugha, niruhusuni kidogo. Mama Watatu yuko sahihi kwamba watoto wanahitaji Kiingereza, tena kingi. Ninapopishana naye ni kudhani kwamba ukimfundishia mtoto Biolojia kwa Kiingereza, Kiingereza nacho kitaingia chenyewe. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelipigia kelele hili miaka mingi: kufundisha lugha ni jambo moja, kufundishia kwa lugha ni jambo lingine.

Jim Cummins wa Kanada, tangu 1979, anatofautisha Kiingereza cha kusalimiana na kununulia chipsi, ambacho mtoto aliyezungukwa nacho hukipata kwa miaka kama 2, na Kiingereza cha kitabuni, cha kueleza sababu na kulinganisha, ambacho huchukua miaka 5 hadi 7. Hao ni watoto wa wahamiaji wanaoishi Kanada kwenyewe. Wa Ngaramtoni anakutana nacho dakika 40, kengele ikilia amerudi kwenye Kiswahili chake. Cummins anasema pia kwamba kilichoeleweka kwa lugha moja hakifundishwi upya kwa nyingine, kinachotafutwa ni maneno ya kukisemea. Huyo kijana wa nyuma osmosisi anayo tayari.

Na Mama asiogope. Nigeria, kuanzia 1970, mradi wa Ife wa Profesa Babs Fafunwa ulifundisha shule ya msingi miaka yote sita kwa Kiyoruba, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake maalumu. Kwenye Kiingereza hawakuachwa nyuma, na masomo mengine wakafanya vizuri zaidi.

Kijana wa Oldonyosambu

Isimu na Chai, unaongea kana kwamba Kiswahili ndicho cha nyumbani kwa kila mtu. Mimi kachumbari yenyewe nimeijulia bwenini. Darasa la kwanza nilifika na Kimaasai kitupu. Mwalimu akisema kaeni, naangalia wenzangu wanafanyaje ndipo nami nikae. Kiswahili kimekuja kunikaa mdomoni naelekea kidato cha kwanza, nikaletewa Kiingereza, lugha ya tatu. Ticha, huyo kijana wako asiyeongea, umewahi kumuuliza kwao wanaongea nini?

Ticha wa Ngaramtoni

Sijawahi. Aisee. Kesho namuuliza.

Isimu na Chai

Hapo umenishika pabaya, nakubali.

Madam wa Tengeru

Ticha, nimefundisha Kemia miaka 14. Hilo la niendelee au niache liweke kando, jiulize dakika gani lugha gani. Wazo jipya naliingiza kwa Kiswahili, wanabishana wawiliwawili, dakika 10 hazizidi. Baada ya hapo hatoki mtu darasani bila kuandika sentensi mbili za Kiingereza, za kwake, si za ubaoni. Mwanzoni nawapa mifupa, nyama wanatia wao: "Water moves from ... to ... because ...". Wakiizoea napunguza mifupa.

Na usihangaike sana na maneno makubwa. Osmosisi wanaikariri kama jina la mchezaji wa Arsenal. Yanayowaangusha ni yale madogo: "because", "therefore", "unlike". Pamoja na vitenzi vya maswali: "state", "explain", "distinguish". Mtoto anaambiwa aeleze sababu, yeye anataja kitu na kuhamia swali linalofuata. Nimesahihisha karatasi kibao za hivyo, mtu anajua jibu na anapata sifuri.

Kuhusu lile suluhisho, nina daftari la maneno yenye sura mbili. Safu ya kwanza neno, ya pili maana ya mtaani, ya tatu maana ya maabara. "Solution", "table", "cell", "tissue". Mwaka juzi mmoja aliniandikia kwamba "tissue" ni karatasi ya kufutia mafua, na kwa kamusi yake hakukosea.

Taaluma asikutishe. Iandike mbinu yako kwenye andalio la somo, majadiliano ya jozi, na zao lake ni sentensi za Kiingereza. Madaftari yawe Kiingereza kitupu, hapo usilegeze. Wathibiti walishakaa kwangu kipindi kizima, walichokuwa wanafungua ni madaftari.

Mama Watatu

Haya, na sisi wazazi tusiojua Kiingereza nyumbani tufanye nini?

Isimu na Chai

Hadithi, Mama. Fiji, miaka ya 1980 mwanzoni, watafiti Elley na Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250 kwenye shule za vijijini zilizokuwa karibu hazina kitu. Baada ya miezi 8 watoto walikuwa wanasonga mara mbili ya kasi ya kawaida katika kusoma na kusikiliza. Vya mtumba vinatosha, viwe vyepesi kuliko unavyodhani vinamfaa. Jioni akusimulie kwa Kiswahili alichosoma. Akishindwa kusimulia, utajua hakusoma.

Ticha wa Ngaramtoni

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tatu. Kijana wa Oldonyosambu, ulinena. Kwao ni Kimaasai, Kiswahili anaongea na wateja wa maziwa tu. Nimemhamishia karibu na wenzake wawili wa lugha yake, wakianza kubishana mimi siambulii neno.

Juzi kaandika hivi, mwenyewe: "Water follow salt because salt outside is many." Sentensi yake ya kwanza ya Kiingereza ambayo hakuinakili popote. Nimempa 2 kati ya 3. Mwalimu wa taaluma kaifungua ile kurasa, kaitazama muda mrefu, kaniuliza kwa nini sikuisahihisha. Sikuwa na jibu. Madam, niisahihishe sasa au nimwache kwanza apate moto?

Madam wa Tengeru

Mwache mpaka Ijumaa. Ijumaa iandike ubaoni bila jina, darasa zima liirekebishe, yeye akiwemo. Na hiyo 2 usiipandishe, hajasema maji yanapita kwenye nini.