Familia Kibokoni: Dizeli ya 2013 na Kamera za London

Swaleh (Barking): Assalam aleikum nyote. Dada Fatma na mjomba Salim, naomba rai yenu. Kuna Passat ya dizeli hapa, ya 2013, paundi 1,700. Imepita MOT juzi, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, haina dosari hata moja. Za petroli za mwaka huo huo ziko ghali zaidi. Kwa nini hii iko rahisi hivi?

Fatma (London): Waaleikum salaam. Iko rahisi kwa sababu mwenyewe anaikimbia ULEZ, ile ada ya London kwa magari yanayochafua hewa. Kwa viwango vya Ulaya vya moshi, dizeli ya 2013 kwa kawaida ni Euro 5, na hapa dizeli inatakiwa iwe Euro 6. Kila siku utakayoitia barabarani ni paundi 12.50. Barking haikwepi. Tangu 29 Agosti 2023 halmashauri zote za London zimo ndani.

Shangazi Zuhura: 12.50 kwa mwezi?

Fatma (London): Kwa siku, shangazi.

Shangazi Zuhura: Subhanallah! Hizo si zaidi ya elfu mbili zetu?

Fatma (London): Ndizo. Na mkaazi hapunguziwi hata senti. Ukienda kazini siku tano kwa wiki, wiki 52, ni paundi 3,250. Ukiendesha kila siku ni 4,550, maana siku ya bure ni moja tu kwa mwaka, 25 Desemba. Swaleh, gari la 1,700 hilo utalinunua mara ya pili kabla mwaka haujaisha, na ya tatu ukianza.

Ami Athman: Mimi hapo sielewi. Gari limepimwa, limepita, halitoi moshi. Basi linatozwa la nini?

Mjomba Salim (gereji): Shemeji, hapo ndipo wengi wanapoteleza. MOT inapima gari lilivyo leo. ULEZ haipimi moshi wako kabisa. Kamera inasoma namba, kompyuta inatazama gari lile lilipotoka kiwandani lilipitishwa kwa kiwango gani. Weka injekta mpya, safisha EGR (vali inayorudisha moshi kwenye injini), nunua DPF mpya (chujio la masizi), jibu litakuwa lile lile.

Mjomba Salim (gereji): Na kinachowauma zaidi ni NOx, ile hewa ya oksidi za naitrojeni. Haionekani kwa macho, kwa hiyo "halitoi moshi" si hoja. Viwango vyake kwa gari dogo, gramu kwa kila kilomita:
petroli Euro 4: 0.08
dizeli Euro 4: 0.25
dizeli Euro 5: 0.18
dizeli Euro 6: 0.08
Mtaona mstari ni mmoja, 0.08. Petroli iliufikia mwaka 2005 hivi, dizeli ikauchelewa karibu miaka kumi. Ndiyo maana petroli ya 2006 inapita na dizeli ya 2013 inakwama. Dizeli inachoma kwa hewa nyingi na mgandamizo mkubwa, joto linapanda, naitrojeni ya hewani inaungana na oksijeni. Katalisti ya kawaida ya petroli, kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi, haiwezi kuivunja hewa hiyo penye oksijeni ya ziada. Ili dizeli ifike 0.08, nyingi zimefungwa tangi la AdBlue, maji ya kuvunja NOx, au katalisti ya kunasa NOx. Hiyo Passat haina.

Swaleh (Barking): Na nikifungiwa AdBlue baadaye?

Mjomba Salim (gereji): Kwa gari dogo la nyumbani usiipigie hesabu. Mitambo ya kuongezea iliyoidhinishwa huko ni ya mabasi, malori na magari ya kazi. Na hata ungepata fundi wa kuifunga, gharama yake ingelipita gari lenyewe.

Ami Athman: Na Peugeot 504 kama ile ya marehemu mzee?

Fatma (London): 😂 Hiyo, baba, ingepita bure. Gari lililotimiza zaidi ya miaka 40 tangu litengenezwe, likasajiliwa kama gari la kale, halilipi ULEZ.

Ami Athman: Kwa hiyo 504 inayofukiza kama tanuri la chokaa inapita, Passat inalipa. Wazungu wana mambo.

Fatma (London): Ni magari machache, tena hayatoki nje ila Jumapili na jua.

Swaleh (Barking): Kuna nyingine, Micra ya petroli, lakini ni ya 2004. Hiyo si nzee zaidi?

Fatma (London): Usiitupe kwa mwaka tu. Kanuni ya jumla ni petroli iliyosajiliwa baada ya 2005, lakini petroli za Euro 4 zilianza kuuzwa tangu 2001. Ingia tovuti ya TfL yenyewe, mamlaka ya usafiri ya London, andika namba ya gari, itakujibu hapo hapo bila malipo. Ikisema hailingani, mwambie muuzaji akutumie picha ya V5C, yaani logibuku. Tafuta mstari ulioandikwa V.3. Hiyo ndiyo NOx. Ikiwa ni 0.08 au chini na gari ni la petroli, TfL wanapelekewa ile V5C wanarekebisha rekodi. Mstari ukiwa mtupu, kwenye magari ya miaka ile mara nyingi huwa mtupu, utahitaji cheti cha ulinganifu kutoka kwa mtengenezaji. Fanya yote haya kabla ya kutoa pesa. Muuzaji atakwambia "itapita tu".

Mjomba Salim (gereji): Au chukua Yaris ya petroli ya 2007 ulale. Ndiyo Vitz hiyo hiyo ya kwetu, kila fundi anaijua.

Shangazi Zuhura: Fatma, sisi tukija Disemba mtatupokea na gari gani? Isiwe tunawatia hasara ya kamera.

Fatma (London): Letu ni la petroli, halilipi, shangazi. Lakini mwenye gari la kulipa ajue hili: siku ya ULEZ inaanza saa sita usiku na kwisha saa sita usiku. Heathrow iko ndani ya eneo. Ukitoka nyumbani saa nne usiku kwenda kupokea mgeni, ndege ikachelewa, ukarudi saa saba, umeendesha siku mbili. Paundi 25 kwa safari moja. Bora kusubiri na kutoka nyumbani baada ya saa sita kamili.

Hamisi (klia): Na likiegeshwa tu mlangoni?

Fatma (London): Halilipi. Lililoegeshwa kutwa halidaiwi kitu. Lakini ukilitoa mtaa huu kulipeleka mtaa wa pili, kamera ikikuona, siku imehesabiwa.

Fatma (London): Malipo yenyewe: una hadi saa sita usiku ya siku ya tatu baada ya safari. Hakuna anayekukumbusha. Ukipitisha, inakuja barua ya faini paundi 180, ukilipa ndani ya siku 14 ni 90. Barua inakwenda kwenye anwani iliyo kwenye V5C. Aliyehama nyumba bila kubadilisha anwani ndiye anayeumia, barua zinalundikana kule kwa zamani naye hana habari. Fungua Auto Pay, wanakata wenyewe kila mwezi, na ile ada ya mwaka waliifuta. Usilipe kupitia tovuti ya kwanza inayotokea ukitafuta, ziko za madalali zinazoongeza chao juu.

Fatma (London): Na usichanganye. Ada ya msongamano ya katikati ya jiji ni nyingine, gari safi nalo linalipa. Mahandaki ya Blackwall na Silvertown pia yanalipiwa tangu Aprili 2025, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku: paundi 4 wakati wa msongamano, 1.50 nyakati nyingine ikiwa una Auto Pay. Wewe wa Barking ukivuka kwenda kusini utakutana nayo, hata na Yaris.

Shangazi Zuhura: Mimi nina wazo. Kama huko halitakiwi, Swaleh alinunue alilete Mombasa. Usukani ni upande ule ule. Si tutapata gari zuri?

Hamisi (klia): Shangazi, haliingii. Sheria yetu ya viwango, KS 1515, inataka gari lisizidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kuanzia Januari 2026 ni la 2019 kuja juu. La 2013 likishuka Kilindini linarudishwa au linaharibiwa, kwa gharama ya mwenyewe, na siku zote hizo linahesabiwa ada ya kukaa bandarini.

Shangazi Zuhura: Hata kwa Mkenya anayerudi nyumbani moja kwa moja?

Hamisi (klia): Anayerudi husamehewa ushuru akitimiza masharti, mojawapo awe amelimiliki gari na kulitumia huko miezi 12 au zaidi. Miaka 8 haisamehewi. Na tofauti ya tarehe ya kutengenezwa na ya kusajiliwa isizidi mwaka mmoja, wapo wanaonaswa hapo. Ukaguzi pia unafanywa huko huko kabla ya kupakiwa melini. Usipakie kwanza ukitarajia kusawazisha huku.

Ami Athman: Basi mnyonge huko afanye nini? Mwenye gari la zamani ndiye asiye na pesa za jipya. Tajiri hata hajui kama kuna kamera.

Fatma (London): Ni kweli baba, na ndicho kilichogombewa zaidi. Kulikuwa na mpango wa kulipa paundi 2,000 kwa gari lisilolingana likipelekwa kuvunjwa. Ulifungwa Septemba 2024, kwa hiyo Swaleh asiuhesabu. Wanaoumia zaidi ni wa kazi za usiku, hospitali na maghala, saa ambazo treni hazipo. Kadi ya maegesho ya mlemavu peke yake haimsamehi mtu. Hutazamwa mambo mengine, kama gari kusajiliwa katika daraja la walemavu, na wengi wanalijua hilo faini ikishafika.

Fatma (London): Lakini upande wa pili nao una haki. Mwaka 2013 kulikuwa na mtoto wa miaka 9, Ella Kissi-Debrah, akikaa karibu na barabara ya South Circular, akafa kwa pumu. Mwaka 2020 uchunguzi rasmi wa kifo chake ulitaja uchafuzi wa hewa kuwa moja ya sababu. Wanaokaa kando ya barabara kubwa mara nyingi hata gari hawana.

Ami Athman: Allah amrehemu. Hilo sina la kulijibu.

Hamisi (klia): Huku kwetu ikija, Mombasa kisiwani ni rahisi kufungwa kamera kuliko London. Magari yana milango ya kuhesabu: Nyali, Makupa, Kipevu na feri ya Likoni. Daraja la Liwatoni lilijengwa la miguu tu. Wa kusini anayekwenda Nairobi anapita Dongo Kundu, hagusi kisiwa.

Mjomba Salim (gereji): Kamera si shida. Shida ni utakachomtoza nacho. Logibuku zetu haziandiki Euro. Magari mengi ni ya Japani na Japani ina viwango vyake, si Euro. Utaishia kutumia mwaka wa kutengenezwa, na mwaka hausemi kweli: Probox ya 2008 iliyotunzwa, katalisti iko mahali pake, na ya 2016 iliyong'olewa katalisti ikauzwa, ipi chafu?

Hamisi (klia): Na mtakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024. Ushuru wa magari ulipendekezwa asilimia 2.5 ya thamani, usipungue 5,000 wala kuzidi 100,000. Ulifutwa. Lakini tazameni ulivyokuwa umekaa: gari jipya safi thamani yake kubwa, lingelipa zaidi. Bovu linalofuka lingelipa 5,000. Kinyume kabisa na London.

Ami Athman: Na moshi wa Changamwe wala si wa magari madogo, ni wa malori ya bandari yakipanda mlima na mzigo.

Mjomba Salim (gereji): Hapo umenena, shemeji. Ningeanza na hayo, na matatu, tena kwa kupima moshi wenyewe kwenye eksozi.

Hamisi (klia): Mjomba, kwa kuwa umegusa dizeli. Wanaoagiza Mazda CX-5 za dizeli wananiuliza juu ya taa ya DPF. Ina maana gari ni bovu?

Mjomba Salim (gereji): Mara nyingi si bovu, ni matumizi. DPF inakusanya masizi, ikijaa kiasi gari linaongeza dizeli ili kuyachoma. Inahitaji mwendo wa mfululizo dakika 15 hadi 20. Safari ya Nyali mpaka mjini na foleni ya darajani haifiki hapo, injini inazimwa uchomaji ukiwa nusu. Taa ikiwaka bila kupepesa, litoe gari barabara ya Mariakani au Kilifi, 60 hadi 80 kwa saa, usizime mpaka taa iondoke. Ikianza kupepesa usiendelee kujaribu, lete gereji tulichome kwa mashine.

Mjomba Salim (gereji): La pili, oili. Kila uchomaji unaokatizwa, dizeli ile ya ziada inashuka kwenye oili. Vuta dipstiki kila wiki mbili. Kwenye Mazda hizi juu ya F, alama ya kujaa, kuna alama ya X. Oili ikiwa *imepanda* kufikia X, mtu asifurahi, imechanganyika na dizeli na haina nguvu tena ya kulinda injini, badilisha siku hiyo hiyo. Oili iwe ya kiwango cha DL-1 au C3, yenye majivu kidogo. Ya kawaida ya dukani inaacha majivu kwenye DPF, na majivu hayaungui. Injini ya 2.2 inachukua lita 5 na kidogo pamoja na filta.

Hamisi (klia): Na wale wanaosema waitoe tu wabakishe bomba?

Mjomba Salim (gereji): Wengi wanaofanya hivyo hawagusi programu ya kompyuta ya gari. Gari linaendelea kumwaga dizeli ya kuchoma masizi yasiyokuwepo, oili inapanda vile vile, na turbo ndiyo inayolipia. Swaleh, huko kwenu gari lililong'olewa DPF linaangushwa MOT tangu 2014. Hata ukiiacha Passat, dizeli yoyote utakayokwenda kuitazama, pitisha kidole ndani ya eksozi. Kikitoka cheusi kama masizi ya chungu, DPF haipo au imepasuka.

Swaleh (Barking): Nimeshika. Kesho baada ya Adhuhuri nakwenda kuitazama ile Micra. Nimemwomba V5C, bado hajajibu.