Gumzo la kikundi cha harusi: ngozi ya bibi harusi wakati wa kipupwe

Bibi harusi mtarajiwa (Njiro, Arusha), saa 1:40 usiku
Shikamooni mama zangu na shangazi zangu. Dada zangu, habari za jioni. Zimebaki wiki sita kufika siku ya harusi, na tangu baridi hii ya Juni ianze, uso wangu unapauka kila nitokapo kuoga. Pembeni mwa pua na kwenye viwiko ngozi inabanduka vipande vidogo vidogo kama pumba. Leo mchana mwenzangu wa kazini ameniletea kopo la krimu lisilo na jina la kiwanda wala orodha ya viambato, akaniambia kwamba nikipaka asubuhi na usiku kwa wiki mbili nitang'aa. Naomba ushauri wenu kabla sijalifungua.

Mama mkubwa (Moshi), saa 1:52 usiku
Marahaba mwanangu. Usilifungue.

Shangazi (Sakina, Arusha), saa 2:05 usiku
Marahaba binti yangu. Nitakueleza jambo ambalo wengi humu hawalijui. Mwaka nilioolewa nilipaka krimu ya namna hiyo hiyo, na harusi yangu ilikuwa Agosti, baridi ikiwa kali. Wiki ya kwanza uso ulitakata na kila aliyeniona alinisifu. Kopo likaisha siku kumi kabla ya harusi, na sikumpata aliyeniuzia. Baada ya siku nne mashavu yakawa mekundu na ya kuwasha, kisha vipele vikatoka hadi kidevuni. Asubuhi ya harusi dada wa mekapu alirudia kupaka fandesheni mara tatu, lakini kila alipopitisha sponji, ngozi ilitoka pamoja na poda. Ukiitazama ile picha ya kukata keki utaona chini ya pua yangu pamebanduka, na utaona pia kwamba sitabasamu, kwa sababu pembe za midomo zilikuwa zimepasuka na kila nilipocheka zilichanika. Sitaki yakupate hayo.

Binamu mfamasia, saa 2:20 usiku
Shikamoo shangazi, na pole sana. Yaliyokupata yanafanana kabisa na yale ya krimu iliyochanganywa na steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na mwasho. Dawa hizo zina kazi yake hospitalini, lakini mtu akizipaka usoni kwa muda bila usimamizi hufanya ngozi iwe nyembamba, na akiziacha ghafla uvimbe na wekundu hurudi kwa nguvu. Mikorogo mingine ina zebaki, ambayo hupenya kwenye ngozi na kudhuru figo, au haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ambayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka ya rangi ya bluu-nyeusi ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kopo lisiloandikwa kilichomo halimpi mtu yeyote njia ya kujua anapaka nini.

Mdogo wangu, ngozi yako haina ugonjwa wa kutibiwa kwa krimu hiyo. Inapoteza maji. Hewa ya baridi hubeba unyevu mdogo, upepo huzidi kuukausha mwili, nasi tunaongeza tatizo kwa kuoga maji ya moto sana na sabuni kali, ambayo huondoa mafuta ya asili yanayozuia maji yasitoke.

Mama mkubwa (Moshi), saa 2:31 usiku
Hapo kwenye maji ya moto ndipo penyewe. Najua baridi ya Arusha mwezi wa saba. Usiku nyuzi zinaweza kushuka hadi 12, na mtu hutamani ndoo itoke mvuke. Oga maji ya uvuguvugu, usikae bafuni muda mrefu, jifute kwa kugusisha taulo bila kusugua, kisha upake mafuta mwili ukiwa bado na majimaji, kabla hujatoka bafuni. Ukisubiri hadi uvae na unywe chai, maji yamekwisha kuondoka. Mimi hupaka losheni yenye gliserini kwanza, halafu juu yake mafuta ya mgando kidogo kwenye viwiko, magoti na visigino, na usiku navaa soksi.

Wifi (Tanga), saa 2:40 usiku
Samahanini kwa kuchelewa. Kwetu pwani bibi harusi husuguliwa singo (mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili) na kupakwa liwa (unga wa msandali uliolowekwa), nami nilikuwa nimekwisha kumwandalia. Je, niache?

Binamu mfamasia, saa 2:48 usiku
Usiache kabisa wifi, ni heshima na raha ya bibi harusi. Ila singo ibaki mwilini, isuguliwe taratibu mara moja kwa wiki, isiguse sehemu zinazobanduka, na isitiwe ndimu. Liwa nayo ikikauka hukaza ngozi, kwa hiyo iondolewe kwa maji mengi na mafuta yafuate papo hapo.

Jambo lingine ni jua. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mawingu mepesi ya kipupwe hayaizuii. Siku za kuzunguka Soko Kuu kutafuta vitambaa, paka krimu ya kuzuia jua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi na urudie baada ya saa mbili.

Bibi harusi mtarajiwa, saa 2:55 usiku
Asanteni sana. Losheni mpya niijaribu vipi, na mwisho wa kujaribu ni lini?

Binamu mfamasia, saa 3:01 usiku
Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, kwa siku kadhaa mfululizo, uangalie kama kunawasha. Wiki mbili za mwisho usianze kitu chochote kipya usoni, hata kama ni zawadi. Midomo ipake mafuta ya mgando wala usiilambe, kwa sababu mate huikausha zaidi. Pembeni mwa pua pasipotulia baada ya wiki mbili, nenda kwa daktari wa ngozi.

Bibi harusi mtarajiwa, Jumapili, saa 12:15 jioni
Shikamooni tena. Kopo nimemrudishia mwenzangu, na nimemsimulia yaliyompata shangazi bila kumtaja. Naye ameacha kulipaka na atakwenda kumwona daktari. Losheni nimeijaribu mkononi siku nne na haikuniwasha, kwa hiyo leo nimeanza kuipaka usoni. Viwiko vimeanza kulainika. Shangazi, dada wa mekapu ananifanyia majaribio Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, na ningependa uje ukae nami.

Shangazi (Sakina), saa 12:22 jioni
Nitakuja mwanangu, na nitakuja na soksi za pamba za kuvaa usiku.