Je, vipimo vya uakisi vinafaa kumchunguza mnunuzi wa tui la pakiti?

Muuliza, Kisauni: Assalaam aleikum. Ninachunguza mauzo ya tui la pakiti katika duka letu la jumla. Kila mama ninayemhoji hulisifu kwamba linaokoa wakati, ilhali katoni zimelala stoo tangu Ramadhani. Je, vipimo vya uakisi, ambavyo mtu huonyeshwa picha au sentensi isiyokamilika akaijaza kwa mawazo yake mwenyewe, vitanisaidia?

Jibu, Mji wa Kale: Waaleikum salaam. Vitakusaidia. Mwaka 1950 mwanasaikolojia wa Marekani, Mason Haire, alichapisha utafiti ambamo wanawake walipewa orodha za ununuzi zilizofanana kwa kila kitu isipokuwa kahawa: moja ilikuwa na Nescafé ya papo hapo, nyingine Maxwell House ya kuchemshwa. Walipoombwa wamweleze mwenye orodha, karibu nusu ya walioona ile ya Nescafé walimwita mvivu. Nawe andika mchele, kuku na iliki, kisha orodha moja imalizie kwa nazi mbili, nyingine kwa tui la pakiti, na kila mama aone moja tu.

Jibu, Likoni: Naafiki, ila majibu hayo hufasiriwa na mtu, na wafasiri wawili huweza kutofautiana, hata madoa ya wino ya daktari Rorschach, ambayo mtu huonyeshwa aseme anaona nini, yaliyotolewa mwaka 1921, yangali yakibishaniwa. Yachukue kama dokezo, kisha uhakikishe kwa dodoso.

Muuliza: Shukran. Jana nilimjaribu mama mmoja kwa orodha ya pakiti. Akacheka, akauliza, "Huyu mbuzi wake wa kukunia kamuuzia nani?"