Mbao inarushwa nyuma na benchi la kupasulia: tatizo ni bledi au fensi?

Karakana_Mafinga
Wakuu, habari za kazi. Tuna benchi la kupasulia mbao lililoundwa kienyeji kwa kuchomelea vyuma, mota ya hp 3, bledi ya inchi 12 yenye meno 40, imenolewa juzi tu. Tukipasua msonobari wa mbili kwa sita kwa urefu, mbao ikivuka nusu inabana bledi, mota inanguruma, halafu mbao inachomoka kumrudia anayesukuma. Nianze kurekebisha wapi kabla kijana hajaumia?

FundiShafti
Mkuu, simamisha kupasua kwanza. Chanzo kiko nyuma ya bledi. Meno ya mbele yanashuka na kukandamiza mbao mezani, ya nyuma yanapanda yakija kwako. Msonobari ambao haujakauka sawasawa hujifunga ukishapasuliwa. Mbao ikigusa meno ya nyuma inanyanyuliwa na kurushwa. Bledi yako ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda karibu mita 48 kwa sekunde. Hakuna mkono wa kuzuia hapo.

Mabenchi mengi yaliyochomelewa kienyeji hayana kisu cha nyuma, kile cha kuzuia mpasuo usijifunge. Pima kwa kaliper: kama bamba la bledi ni mm 2.2 na upana wa jino mm 3.2, kata kisu hicho kwenye chuma cha unene wa mm 2.5. Kikae mstari mmoja na bledi, mm 3 hadi 8 kutoka kwenye meno, ncha yake chini kidogo ya jino la juu kabisa. Kifunge kwa bolti mbili kwenye fremu inayobeba shafti. Ukikifunga kwenye meza, kila ukiipandisha au kuishusha pengo linabadilika.

Mninga_Mkavu
Fensi nayo, ule ukingo wa kuongozea mbao kando ya bledi, ikaguliwe. Chomoa plagi, tia jino moja alama ya chaki, pima kutoka jino hilo hadi fensi likiwa mbele, zungusha kwa mkono mpaka lifike nyuma, pima tena. Nyuma pakiwa pembamba hata kwa mm 1, mbao inabanwa. Vipimo vilingane, au nyuma pazidi kwa unene wa karatasi. Upande unaogusa fensi lazima uwe umerandwa ukanyooka. Tena meno 40 ni mengi kwa mbao yenye unyevu. 24 yanatoa unga vizuri.

Karakana_Mafinga
Asanteni sana. Na ikishabana katikati? Vijana huivuta kurudi nyuma. Glovu je, wavae?

FundiShafti
Wasivute mbao kamwe bledi ikizunguka! Wazime, wasubiri isimame kabisa, wagonge kabari kwenye mpasuo, ndipo waitoe mbao. Anayepokea upande wa pili abebe uzito tu. Anayesukuma asimame kando ya mstari wa bledi, na mkono ukikaribia sentimita 15 atumie kijiti chenye mdomo uliochongwa. Kipande kilicho kati ya fensi na bledi akisukume mpaka kipite kisu cha nyuma, maana kikiachiwa pale kati ndipo kinaporuka. Glovu hapana: jino likinasa kitambaa linavuta kiganja chote. Miwani na vizibo vya masikio, ndiyo.

Umeme_na_Mota
Naongezea swichi. Ile ya ukutani haifai: umeme ukikatika, vijana wanaondoka, ukirudi bledi inaanza kuzunguka yenyewe huku mtu labda anatoa vipande mezani. Weka stata ya sumaku inayolingana na ampea za mota. Umeme ukikatika inaachia, na haiwaki mpaka mtu abonyeze.

Angalia na puli. Mota ya mizunguko 2,880 kwa dakika yenye puli ya inchi 5, ikivuta shafti yenye puli ya inchi 3, inazungusha bledi mara 4,800. Linganisha na kikomo kilichochapwa kwenye bledi yenyewe. Ukikivuka, badilisha puli kabla ya kuwasha tena.